Hariri, Plota na Matofali: Kuta za Idara za Kompyuta Zilivyopambwa

Katika nyumba ya mwanahisabati Charles Babbage, mtaa wa Dorset jijini London, palikuwa na picha iliyowatatiza wageni. Ilimwonyesha mzee ameketi kitini, bikari mkononi, kadi zenye matundu mbele yake na zana zake za kazi zikiwa karibu. Mistari yake ilikuwa myembamba mno na vivuli vyake laini, na waliomtembelea Babbage waliitazama wakaamini kuwa imechongwa kwenye bamba la chuma kisha ikachapwa kwa wino. Mwaka 1842 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alifika hapo pamoja na Duke wa Wellington. Wellington naye akasema ni picha ya kuchapwa. Albert, ambaye alikwisha kuiona mahali pengine, akamsahihisha. Ile ilikuwa hariri iliyofumwa.

Mzee huyo ni Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, aliyetengeneza mtambo wa kufuma unaoongozwa na kadi. Kila kadi ilitobolewa matundu kwa mpangilio wake, na mpangilio huo ndio ulioamua nyuzi zipi ziinuliwe na zipi zibaki chini kila uzi wa mshindio unapopita. Picha yake ilifumwa mwaka 1839 na Michel-Marie Carquillat katika kiwanda cha Didier Petit, kwa kufuata mchoro wa rangi wa Claude Bonnefond. Ilihitaji kadi 24,000 hivi.

Babbage aliitafuta picha hiyo kwa udi na uvumba, na alikuwa na sababu. Alikuwa akibuni mashine ya kukokotoa ambayo nayo ingepokea maagizo yake kupitia kadi za matundu, wazo alilolichukua moja kwa moja kutoka Lyon. Alipomsimamisha mgeni mbele ya hariri ile alikuwa anamfundisha bila ubao: tazama jinsi maagizo yaliyopangwa vyema yanavyoweza kuzaa kazi ambayo jicho linadhani ni ya mkono wa fundi. Babbage alifariki mwaka 1871, mashine yake haijajengwa. Picha ilibaki, na nakala zake zimo katika majumba ya makumbusho hadi leo.

Kwa hiyo swali la nini kitundikwe mahali watu wanaposomea kompyuta lina umri mkubwa kuliko kompyuta yenyewe. Linarudi kila jengo jipya la chuo linapofunguliwa. Korido ni ndefu, kuta ni nyeupe, milango ya maabara imefungwa, na kamati ndogo inapewa fedha kidogo na kuambiwa itafute picha zinazohusu kompyuta. Mara nyingi kinachonunuliwa ni kile kinachopatikana upesi: bango la saketi lenye mwanga wa buluu, mvua ya sifuri na moja, au mkono wa roboti unaogusana vidole na mkono wa mtu. Picha hizo hazina kosa la kuvunja sheria. Kosa lake ni kwamba hazisemi lolote. Zingeweza kutundikwa benki, duka la simu au ofisi ya bima, na hakuna mwanafunzi atakayesimama mbele yake akaondoka na jambo ambalo hakulijua.

Historia ya kuta hizi ina mifano bora zaidi, na baadhi yake ilianzia ndani ya vyuo vyenyewe.

Februari 1965, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Stuttgart, Ujerumani Magharibi, mwanafalsafa Max Bense alitoa nafasi katika taasisi yake kwa ajili ya maonyesho madogo ya michoro. Mwenye michoro alikuwa Georg Nees, mwanahisabati wa kampuni ya Siemens huko Erlangen. Michoro yenyewe ilikuwa mistari myeusi kwenye karatasi: maumbo yaliyopangwa, kisha yakavurugwa kidogo kwa namba nasibu. Nees aliandika programu, kompyuta ikakokotoa, na plota ikachora kwa kalamu. Wasanii wa mji walialikwa kwenye ufunguzi. Walikasirika. Mmoja wao alimuuliza Nees kama mashine yake ingeweza kuiga jinsi yeye anavyoshika brashi. Nees akajibu kuwa ingeweza, ikiwa tu msanii mwenyewe angemweleza hasa anavyofanya. Baadhi yao waliinuka na kwenda zao, na Bense akajaribu kuwatuliza kwa kusema kwamba hii ni sanaa ya aina nyingine, sanaa ya kubuniwa kwa mitambo.

Jibu la Nees lina uzito kuliko linavyoonekana. Kuandika programu ni kueleza kazi hatua kwa hatua mpaka isibaki sehemu ya kukisia, na hilo ndilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapambana nalo usiku kucha. Mchoro wa Nees ukiwa ukutani unamwonyesha mwanafunzi huyo kazi yake mwenyewe.

Katika chuo hichohicho alikuwepo kijana Frieder Nake, aliyekabidhiwa kazi ya kuiwezesha plota mpya, Graphomat Z64 ya mhandisi Konrad Zuse, ipokee maagizo ya kompyuta. Ilimlazimu aijaribu kwa kuichoresha kitu. Septemba 1965 alitoa mchoro uliokuja kuwa miongoni mwa inayojulikana zaidi katika fani hii, wa heshima kwa mchoraji Paul Klee: mikanda ya mlalo iliyopindapinda, mistari ya wima, na duara zilizodondoka hapa na pale. Programu ilipewa uhuru wa kuchagua kwa nasibu ndani ya mipaka iliyowekwa na Nake. Nakala yake imo leo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Nake mwenyewe hakwenda kuishi kwa kuuza michoro. Mwaka 1972 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Bremen, akafundisha sayansi ya kompyuta kwa miongo mingi, na mwaka 1971, kabla ya kwenda huko, aliandika makala kali akihoji kama kweli pana haja ya kitu kinachoitwa sanaa ya kompyuta. Mtu aliyeifungua njia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiuliza inakwenda wapi.

Mwaka huohuo wa 1965, Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipokea kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500. Hiyo haikuchora kitu. Ilikuja kuhesabu mapato na mishahara ya serikali. Miaka 9 baadaye, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje, na fani nzima ikadumaa kwa miaka. Idara ya kompyuta ya Dar es Salaam ikitaka picha ya ukutani yenye historia ndani yake, habari hiyo peke yake inatosha kujaza korido, na inawahusu wanafunzi wake kuliko bango lolote la saketi.

Upande wa pili wa Atlantiki, kazi kama hii ilikuwa ikifanyika katika maabara za Bell, Murray Hill, jimbo la New Jersey. A. Michael Noll, mhandisi kijana, alianza kuchora kwa kompyuta ya IBM mwaka 1962. Mwaka 1964 alitunga mchoro wa vijistari vya mlalo na wima ulioiga mtindo wa mchoraji Mholanzi Piet Mondrian katika kazi yake ya mwaka 1917. Kisha akafanya jaribio la ujasiri. Aliwaonyesha watu 100 nakala za michoro yote miwili bila kuwaambia upi ni wa nani. Asilimia 59 waliupenda zaidi ule wa kompyuta, na asilimia 28 tu ndio walioweza kutambua upi umetoka kwenye mashine. Alipotaka kusajili hakimiliki ya mchoro wake mwingine, Maktaba ya Bunge la Marekani ilimkatalia kwanza kwa hoja kwamba kazi imetoka kwenye mashine. Ilikubali baada ya Noll kueleza kuwa programu iliyoielekeza mashine iliandikwa na mtu. Vyuo na mahakama zinazobishana leo kuhusu picha zinazotengenezwa kwa akili mnemba zinarudia mabishano ya karibu miaka 60 iliyopita.

Kisa cha ukuta chenye mafunzo mengi zaidi nacho kilitokea Bell. Mwaka 1966 Ken Knowlton na Leon Harmon walichukua picha ya mcheza dansi Deborah Hay akiwa amelala bila nguo. Wakaiskani, wakaigawa katika viraba vidogo, na kila kiraba kompyuta ikakijaza alama ndogo ya kielektroniki au ya hesabu kulingana na wingi wa mwanga wake. Mtu akiwa karibu anaona alama tupu. Akirudi nyuma hatua kadhaa, mwanamke anatokea. Waliichapa kwa urefu wa futi 12 na kuitundika kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wao alipokuwa safarini. Mkuu aliporejea alifurahi na kuingiwa na hofu kwa wakati mmoja, na picha ikashushwa. Watu wa uhusiano wa umma wa Bell wakaonya: mkitaka kuisambaza, jina la Bell lisionekane. Kisha tarehe 11 Oktoba 1967 gazeti la New York Times likaichapa, watu wakaistaajabia, na agizo likageuka. Sasa kila anayeionyesha alitakiwa ahakikishe jina la Bell lipo. Mwaka 1968 ilikuwa katika maonyesho ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Ufundi wa picha ile haupingiki. Inaeleza kwa kuitazama tu jinsi kompyuta inavyoigeuza picha kuwa namba na namba kuwa picha. Lakini katika maabara iliyojaa wanaume, mwili wa mwanamke ulipanda ukutani kama mzaha wa ofisini, na uamuzi wa kuushusha au kuupandisha ulifuata gazeti linasema nini. Jambo hilo litarudi mbele.

Kilichoiingiza sanaa hii katika ofisi na korido za watu wa kawaida ni maonyesho ya London ya mwaka 1968. Jasia Reichardt aliyaandaa katika taasisi ya sanaa za kisasa ya ICA kuanzia Agosti hadi Oktoba, akakusanya mashine za kuchora, mashairi ya kompyuta, muziki na michoro kutoka nchi nyingi. Baadhi ya michoro ilichapwa upya kwa litografu na kuuzwa kama seti. Hapo ndipo mtu asiye na plota wala kompyuta alipoweza kununua kazi ya aina hii na kuiweka ukutani kwake.

Katika maonyesho hayo ulikuwemo mchoro ambao msomaji wa Afrika hawezi kuupita bila kusimama. Kikundi cha vijana wa Tokyo kilichojiita Computer Technique Group, wakiwemo Masao Komura na Kunio Yamanaka, walichora mtu anayekimbia. Umbo lake linabadilika hatua kwa hatua hadi likawa chupa ya Coca-Cola, na chupa nayo ikabadilika hadi ikawa ramani ya Afrika. Hesabu iliyofanya kazi hiyo ni nyepesi. Kila nukta ya umbo la kwanza inasogezwa kidogokidogo kuelekea nukta inayolingana nayo katika umbo la pili. Mwanafunzi anaweza kuiandika kwa mchana mmoja, na njia hiyohiyo hutumika katika katuni na filamu. Maana yake ni nzito zaidi, kwa kuwa mwaka 1968 nchi nyingi za bara hili zilikuwa na uhuru wa miaka isiyofika 10, na soda ilikwisha kufika kila kona. Ukihitaji picha moja ya kompyuta kwa ajili ya ukuta wa chuo Nairobi, Kampala au Lubumbashi, hiyo ina haki ya kufikiriwa kwanza.

Mwaka huo wa 1968, jijini Paris, msanii Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest, alianza kutumia kompyuta baada ya miaka kadhaa ya kuchora kwa mkono akifuata kanuni alizojiwekea kana kwamba yeye ndiye mashine. Alichora miraba ndani ya miraba, kisha akaivuruga kwa asilimia chache. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki Desemba 2023, akikaribia miaka 100.

Kisha zikaja fraktali, maumbo ambayo sehemu zake ndogo hufanana na umbo zima. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot, akiwa IBM, alizitoa picha za seti iliyopewa jina lake mwaka 1980. Agosti 1985 jarida la Scientific American liliiweka seti hiyo kwenye jalada, na wakati huo kundi la Heinz-Otto Peitgen na Peter Richter wa Bremen lilikuwa likizunguka na maonyesho ya picha kubwa za rangi yaliyosambazwa na Goethe-Institut. Ndani ya muda mfupi, idara za hisabati na za kompyuta zikajaa maumbo ya zambarau na machungwa yaliyojipinda kama mikia ya farasi wa baharini. Mara ya kwanza zilishangaza kweli: kanuni ya mstari mmoja, ikirudiwa tena na tena, ilitoa ukingo usioisha hata ukiukuza mara milioni. Baadaye zilizoeleka. Rangi zile zilichaguliwa tu na aliyeandika programu, na bango lenyewe halikuandikwa kanuni. Mtazamaji alibaki na urembo bila hesabu. Fraktali bado inastahili ukuta, mradi kanuni yake iandikwe pembeni kwa herufi zinazosomeka.

Chuo Kikuu cha Princeton kilichagua njia nyingine kilipojenga jengo lake la sayansi ya kompyuta, lililokamilika mwaka 1989. Kwenye ukuta wa nje, upande wa magharibi, baadhi ya matofali yametokeza kidogo na mengine yamezama. Mpita njia hadhani kuna jambo. Anayejua kusoma msimbo wa ASCII ataona safu tano za matofali saba, tofali lililotokeza likiwa moja na lililozama likiwa sifuri. Safu ya kwanza ni 1010000, yaani herufi P. Zote tano zikisomwa kwa mfuatano zinatoa swali: P=NP? Ndilo swali kubwa lisilo na jibu katika fani hii tangu Stephen Cook alipoliweka wazi mwaka 1971. Je, kila tatizo ambalo jibu lake linaweza kuhakikiwa upesi linaweza pia kutatuliwa upesi? Tangu mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay imeahidi dola milioni 1 kwa atakayelijibu.

Uamuzi ule wa Princeton ni bora kuliko mabango yote. Haukuongeza gharama ya rangi wala fremu, hauchakai kwa jua wala mvua, na unamkabidhi mwanafunzi fumbo la kulifumbua akiwa amesimama nje akimngoja mwenzake. Juu ya hayo, unakiri hadharani kuwa walio ndani ya jengo hawajui jibu. Kwa mahali pa elimu hilo ni tangazo zuri kuliko orodha ya tuzo.

Kuchagua vibaya nako kuna mfano wake, nao uko Cambridge, Uingereza. Kituo cha treni cha Cambridge North kilipofunguliwa Mei 2017, paneli zake za alumini zilikuwa zimetobolewa ruwaza iliyotangazwa kuwa ni Mchezo wa Uhai, kanuni maarufu ya kuzalisha ruwaza iliyobuniwa na John Conway, mwanahisabati aliyesoma na kufundisha Cambridge. Wataalamu walipoitazama wakaona si ya Conway hata kidogo. Ilikuwa ruwaza ya kanuni nyingine, iitwayo Kanuni ya 30, iliyochunguzwa na Stephen Wolfram, ambaye alisoma Oxford. Ukuta unapendeza na abiria hawana shida nao. Ila mji wenye idara kubwa ya kompyuta ulikuwa na watu chungu nzima wa kuulizwa kabla paneli hazijatobolewa.

Yote hayo yanahusu michoro. Kuna pia nyuso, na hapo ndipo kuta za idara za kompyuta zimekuwa na deni kubwa.

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, watafiti walihitaji picha ya kujaribia mbinu za kubana data. Wakaskani sehemu ya picha ya mwanamitindo Lena Forsén kutoka jarida la Playboy la Novemba 1972. Picha hiyo ikawa kipimo cha fani, ikichapwa katika makala na vitabu kwa takriban miaka 50. Wanafunzi wa kike walikutana nayo darasani mwaka baada ya mwaka. Lena mwenyewe hatimaye aliomba iachwe, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 chama cha kompyuta cha IEEE kiliacha kupokea makala zinazoitumia.

Wakati huohuo picha za wanawake walioifanya kazi yenyewe zilikuwa kabatini. ENIAC, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliyozinduliwa Februari 1946, iliandaliwa programu na wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Walijifunza mashine kwa kusoma michoro yake ya umeme, kisha wakachomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mikono yao. Picha za uzinduzi ziliwaonyesha, ila majina yao hayakuandikwa. Katika miaka ya 1980 Kathy Kleiman, wakati huo mwanafunzi, aliziona picha hizo akauliza wale ni akina nani. Aliambiwa ni warembo waliosimamishwa ili mashine ipendeze. Hakuridhika na jibu, akawatafuta wenyewe, na bila ukaidi wake huenda majina yale yangekufa na wenye nayo.

Je, ukuta una nguvu kweli ya kumfukuza mtu? Mwaka 2009 mwanasaikolojia Sapna Cheryan na wenzake walichapisha utafiti uliolijibu swali hilo kwa vitendo. Waliingiza wanafunzi katika chumba cha jengo la sayansi ya kompyuta la Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa baadhi yao chumba kilikuwa na bango la Star Trek, visanduku vya michezo ya kompyuta na makopo ya soda. Kwa wengine kilikuwa na picha za mandhari ya asili na vitu vya kawaida. Wanawake walioketi katika chumba cha kwanza walionyesha hamu ndogo ya kusoma kompyuta kuliko wanawake walioketi katika cha pili. Kwa wanaume vitu hivyo havikuwa na athari hiyo. Hakuna aliyewaambia neno. Vitu vya chumbani vilisema vyenyewe.

Basi anayechagua picha za korido anafanya kazi ya ofisi ya udahili, ajue asijue.

Bara la Afrika lina hazina yake katika jambo hili. Wachokwe wa kaskazini-mashariki mwa Angola, na ndugu zao walio Kongo na Zambia, wana desturi ya kuchora mchangani iitwayo sona. Fundi husafisha mchanga, huweka nukta kwa ncha za vidole kwa nafasi zinazolingana, kisha huchora mstari unaozunguka nukta hizo bila kuinua kidole, huku akisimulia hadithi au kitendawili. Vijana walifundishwa michoro myepesi jandoni. Ile migumu ilikuwa ya mabingwa. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, aliichunguza sona kwa miaka mingi na kuandika vitabu juu yake.

Moja ya mambo aliyoyaeleza linamhusu kila mwanafunzi wa kompyuta. Katika aina ya sona inayofanana na msuko wa mkeka, chukua idadi ya nukta za mlalo na idadi ya nukta za wima. Idadi ya mistari inayohitajika kuzizunguka nukta zote ni kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, ile KKS ya shule ya msingi. Nukta 5 kwa 6 zinazungukwa na mstari mmoja tu, kwa kuwa KKS yake ni 1. Nukta 4 kwa 6 zinataka mistari miwili. Bingwa wa Kichokwe aliyetaka mchoro wa mstari mmoja alijua vipimo gani vinakubali na vipi vinakataa. Njia ya Euclid ya kutafuta KKS ni miongoni mwa programu za mwanzo kabisa ambazo wanafunzi huandika, na hapa ina umbo la kutazamwa.

Ron Eglash, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu fraktali za Afrika, alionyesha hesabu ya aina hiyo katika mipangilio ya vijiji, misuko ya nywele na nguo. Pwani ya Waswahili msukaji wa ukili anahesabu miaa, anapanga iliyotiwa rangi na isiyotiwa, na ruwaza inatokea kwa hesabu ile. Mkeka wa Pemba au wa Lamu ndani ya fremu, ukiwa na maelezo mafupi ya jinsi ruwaza inavyopatikana, unakaa vizuri kabisa kando ya picha ya Jacquard. Kazi zote mbili zinaanza na uamuzi wa uzi gani upite juu na upi upite chini.

Wakuu wa idara za kompyuta wanaotazama kuta tupu, na wale wanaotazama mabango ya buluu yaliyonunuliwa pamoja na samani, wana pa kuanzia pasipo gharama kubwa. Picha za ENIAC zilizopigwa na Jeshi la Marekani hazidaiwi ada ya hakimiliki. Zichapwe, na majina sita yaandikwe chini yake kwa herufi kubwa. Wazee waliohudumia kompyuta za kwanza za serikali na vyuo vya Afrika Mashariki waulizwe kama wana picha, na waulizwe mapema. Kila kilichotundikwa kiwe na jina la aliyekifanya, mwaka, na sentensi mbili au tatu za Kiswahili zinazoeleza jinsi kilivyofanyika. Na sehemu moja ya korido wapewe wanafunzi: waandike programu za sona na za mistari ya Nees, wazichape, wazitie fremu, na wa mwaka unaofuata wazibadilishe kwa zao.

Kazi hiyo inahitaji printa, karatasi na mhadhiri mmoja wa kuisimamia. Ianze muhula huu.